Hasi Tatu za Mama Mkwe

Kazini walimwita Kahawia, na jina hilo alilipata kwa haki. Kila slaidi ya kioo iliyotoka kwenye beseni la mwisho aliinyanyua dirishani, akaikazia macho, kisha akamuuliza yeyote aliyekuwa karibu, "Hii si kahawia hii?" Aliuliza hata pale ambapo kipofu angeona kuwa ni kahawia. Wenzake walichoka kumjibu, wakambandika jina, naye akaliitikia bila kinyongo. Hakuwa mtu wa kukasirika, wala wa kuchangamka. Ukimletea habari njema alisema "sawa," ukimletea mbaya alisema "sawa," na sauti ilikuwa ileile.

Maabara yao ilikuwa mwisho wa korido, mlango mmoja kabla ya chumba cha kufulia mashuka ya wodi, kwa hiyo siku nzima palinuka sabuni na nta. Vinyama vilivyokatwa kwa wagonjwa vililetwa humo vikiwa ndani ya vikopo. Mwenzake mmoja, mwanamke wa makamo waliyemwita Mama Nta, alivizamisha kwenye nta ya moto hadi vikawa vidonge vigumu. Vidonge hivyo vilikatwa kwa mashine, vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, vikalazwa juu ya vioo. Hapo ndipo zamu ya Kahawia ilipoanza.

Watu wa nje walidhani yeye ndiye anayesema nani ana saratani. Siyo. Hilo lilikwishasemwa na daktari wa darubini kabla kinyama hakijamfikia. Swali la Kahawia lilikuja baadaye: saratani hii ya titi imebeba nini? Kuna protini za aina tatu walizokuwa wakizitafuta. Ikiwepo mojawapo, kuna dawa ya kuilenga, na ugonjwa unapata pa kushikwa. Ili kuziona, alichukua matone ya kingamwili kutoka vichupa vidogo vilivyokaa kwenye friji. Kila kingamwili huijua protini moja tu, huing'ang'ania hiyo na kuziacha nyingine zote. Baadaye hutiwa rangi. Penye kingamwili iliyoshika panakuwa kahawia, na hiyo ndiyo chanya. Pasipo na kitu panabaki na bluu ya beseni la mwisho, na hiyo ndiyo hasi.

Sasa hapa ndipo mambo yalipokuwa kichwa chini miguu juu, na naomba uelewe, maana kisa chote kimekaa hapa. Huko mitaani tumefundishwa na vipimo vya virusi kwamba hasi ni nafuu na chanya ni kilio. Mtu akitoka kupimwa, akisema "hasi," anakumbatiwa. Katika chumba cha Kahawia ilikuwa kinyume. Walikuwa wakifurahia chanya. Kinyama kikigeuka kahawia Mama Nta alipiga makofi, kwa sababu mgonjwa huyo, wasiyemjua hata sura, kumbe bado ana dawa ya kulenga.

Na kwenye kila slaidi, pembeni ya kinyama cha mgonjwa, waliweka kipande kingine kilichojulikana kuwa ni chanya. Walikiita shahidi. Shahidi akigeuka kahawia, ujue dawa imefanya kazi, majibu ya mgonjwa ni ya kweli. Shahidi akibaki bluu, kuna mtu kaharibu, na slaidi inakwenda kwenye ndoo.

Nyumbani aliishi na mkewe na mama mkwe wake. Mama mkwe alikuwa fundi cherehani mstaafu, ingawa kustaafu kwenyewe ilikuwa ni kuhamisha cherehani kutoka dukani na kuileta chumba cha nyuma. Kwa maisha yake yote alikuwa amepima vifua, viuno na makalio ya watu wa kila namna, na mdomo wake haukuwa na pazia. Kahawia naye, mbele ya mama mkwe, hakuwa na mdomo kabisa. Alimwamkia asubuhi, akamuuliza kama amelala salama, akatoka. Jioni alimwamkia tena. Heshima ya ukwe aliibeba kwa mikono miwili, hadi ikawa inachekesha. Bibi akitoka bafuni, Kahawia aligeukia ukutani hata kama bibi amevaa koti zima.

"Mwanangu," bibi alimwambia binti yake siku moja, kwa sauti ya kusikika sebuleni, "huyu mume alikuoa au ulimchonga?"

Uvimbe aliuona bibi mwenyewe, akioga. Alimwambia binti, binti akamwambia mumewe, na Kahawia akafanya yote anayopaswa mkwe mwema kufanya: akamtafutia daktari pale pale hospitalini kwao, akampeleka, akamngojea nje akitazama viatu vyake. Njia nzima waliongea habari za mashimo ya barabarani. Ule ugonjwa aliuita "lile jambo." Daktari alipomwambia bibi kwamba chembe mbaya zimeonekana, lakini vipimo vingine vinafuata, bibi alirudi garini akasema, "Basi tungoje hivyo vingine." Kahawia akasema sawa.

Kidonge cha nta kilipofika mezani kwake, Mama Nta alikuwa wa kwanza kuliona jina.

"Kahawia, hiki si cha kwenu? Nipe mimi. Kanywe chai."

"Nitafanya mwenyewe."

"Mkono utakutetemeka."

"Hautetemeki," akasema, akaunyoosha aone mwenyewe. Kweli, ulikuwa umetulia kama meza. Na niseme ukweli, hilo lilimtisha kuliko ambavyo mtetemeko ungemtisha. Alijisikiliza, akatafuta huzuni, hofu, chochote. Hakukuta kitu. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu, unaugusa na unaona ni wa mtu mwingine. Akakata, akalaza, akapasha, akadondosha, akaosha, hatua kwa hatua, huku akifikiria kwamba taa ya korido inahitaji kubadilishwa.

Alipozinyanyua slaidi tatu dirishani, zote zilikuwa bluu. Kinyama bluu. Shahidi naye bluu, mara tatu.

Mama Nta alisogea, akatazama kwa juu ya bega lake, kisha akatazama mezani. Vile vichupa vya kingamwili vilikuwa bado vimefungwa. Kilichokuwa wazi ni chupa ya maji ya kuoshea.

"Umeziwekea maji," akasema polepole.

Kosa hilo hufanywa na mwanafunzi wa wiki ya kwanza, na Kahawia ndiye aliyekuwa akiwagombeza wanafunzi hao mpaka wanataka kulia. Mama Nta alingoja ajitetee. Kahawia alizitupa slaidi kwenye ndoo, akafungua friji upya. Lakini mchana ule wote, wakati awamu ya pili ikiendelea, kuna kitu kama unafuu kilimkalia kichwani. Bluu ile haikuwa ya kweli. Mama mkwe bado hakuwa hasi. Alikunywa chai akamaliza kikombe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu wiki ianze.

Awamu ya pili haikuwa na kosa. Mashahidi watatu walitoka kahawia, wazuri, wa kupigiwa mfano. Kinyama cha mama mkwe kilikaa pembeni yao kikiwa bluu tupu. Safari hii hakumuuliza mtu kama ni kahawia.

Daktari wa darubini alizitazama moja moja, hakuharakisha. "Hasi," akasema. "Hasi. Na hii pia hasi." Akainua uso. "Pole sana, Kahawia. Unajua maana yake. Dawa za kulenga hazina pa kushika. Imebaki dripu ya dawa za kuua saratani, ile nzito. Na dripu husaidia, tena aina hii wakati mwingine huitikia vizuri. Ila isicheleweshwe. Aina hii haikai ikangoja."

"Sawa, daktari."

"Unataka kwenda nyumbani?"

"Hapana. Zimebaki slaidi za watu wengine."

Ijumaa nesi wa kliniki alimpigia simu bibi. Alikuwa na foleni ndefu mbele yake na simu nyingi za kupiga, kwa hiyo alisema haraka: vipimo vyote vitatu vimetoka hasi, mama, Jumatatu asubuhi njoo umuone daktari tukupangie. Sijui kama tumlaumu nesi. Alisema kila neno lililopaswa kusemwa. Ila baada ya lile neno "hasi," bibi hakusikia tena kitu kingine.

Kahawia aliporudi alisikia vigelegele tangu getini. Sebuleni mkewe alikuwa amemkumbatia mama yake, wote wawili wanacheka na kufuta machozi. Mezani palitandazwa kitambaa cha maua, na mkasi juu yake.

"Mkwe wangu!" bibi akapaza sauti. "Hasi! Zote tatu! Ya kwanza walikosea hao, nilijua tu. Jumapili napanda basi naenda kwa dada, nakaa huko mpaka nimchoke. Namshonea gauni la kumfungia mdomo."

"Na Jumatatu, mama?" Kahawia akauliza. "Si wamesema uende?"

"Niende kufanya nini, kuwasalimia? Mtu mzima hasi mara tatu anafuata nini hospitali?"

Palikuwa na nafasi hapo. Fupi, lakini ilikuwepo. Mtu mwingine angesema, mama, kaa kwanza. Kahawia alisimama na mkoba wake mkononi, akawatazama wanawake wawili wanaong'aa kwa furaha, na kutoka ndani ya ile ganzi yake likatoka neno ambalo hakuliagiza.

"Hongera, mama."

Ndiyo, alimpa hongera. Kisha akaenda kunawa mikono, akainawa muda mrefu.

Jumamosi asubuhi alimfuata mkewe jikoni, akafunga mlango, akamweleza. Alieleza vizuri, kama anavyowaeleza wanafunzi: hii hasi si ile hasi, saratani ipo pale pale, kilichokosekana ni pa kuishikia tu, na dripu lazima ianze. Mkewe alisikiliza huku akikausha sahani moja ileile. Mwisho akaiweka chini.

"Ulijua lini?"

"Alhamisi."

"Na jana ukampa hongera." Hakungoja jibu. Machozi yalikuwa yameshamshuka. Alikwenda hadi mlangoni kwa mama yake, akasimama, akarudi. "Siwezi. Nikifungua mdomo nitalia, na nikilia yeye atanibembeleza mimi, hatasikia neno. Mwambie wewe. Wewe huwa hulii."

Hiyo haikuwa sifa, na wote wawili walijua.

Asubuhi nzima Kahawia alipiga danadana. Alitengeneza kitasa ambacho hakikuharibika. Aliosha gari. Chumba cha nyuma cherehani ilikuwa inakimbia, na kila ilipositasita alidhani gauni limekwisha na sanduku linafungwa. Kama bibi angepanda lile basi, nani angemrudisha? Angekaa kwa dada yake mpaka uvimbe wenyewe uje kumwambia. Hilo Kahawia alilijua kwa akili, kwa ukamilifu wote, kama mtu anavyojua anwani. Mchana ulipoingia alijikaza kisabuni, akabisha hodi.

Hakuwahi kuingia chumba hicho tangu bibi ahamie. Alisimama karibu na mlango, macho kwenye reli ya pazia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Si umeniamkia asubuhi? Au nimezeeka tena tangu hapo?"

"Mama, nilikuwa nataka kusema. Kuhusu ile sehemu."

"Sehemu gani?"

"Ile ya... ya kifuani."

"Sina kikohozi."

"Lile jambo, mama. La upande wa kushoto."

Cherehani ikasimama. Bibi akavua miwani, akamtazama kwa ile subira ya fundi anayengoja mteja aseme anataka mshono gani.

"Titi, baba. Linaitwa titi. Hata wewe ulinyonya, hukushushwa kwa kamba. Unalikata, unalipaka rangi, mshahara unaupata hapo, na jina lake linakushinda? Haya, sema."

Akasema. "Titi," akasema, na dunia haikupasuka. Kisha akasema mengine yote, akisimama palepale, kwa sauti yake ya siku zote. Kwamba hasi ya virusi ni kitu kingine. Kwamba hii yao maana yake ni kuwa walitafuta vitu vitatu vya kuishikia saratani, hawakukiona hata kimoja. Kwamba saratani yenyewe ipo, mama, daktari wa kwanza hakukosea. Kwamba Jumatatu si ya kusalimiana, ni ya kupanga dripu, na basi la Jumapili lisipandwe.

Bibi alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichoma kwenye mto wake wa pini.

"Nani alitafuta hivyo vitu vitatu?"

"Mimi."

"Wewe mwenyewe, kwa mkono wako?"

"Mimi mwenyewe, mama. Mara mbili."

"Kwa nini mara mbili? Ulitaka nini kwenye mara ya pili?"

"Mara ya kwanza niliharibu. Niliweka maji badala ya dawa."

"Wewe?" Akamtazama sana. "Wewe unayefuta kijiko kilichooshwa?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ulichanganyikiwa."

"Sijui, mama. Sikusikia kitu chochote. Hata sasa sisikii kitu."

"Mtu asiyesikia kitu hakosei kazi yake," bibi akasema. "Hiyo nakwambia mimi. Siku niliyomkatia marehemu mume wangu sanda, nilikata mikono miwili ya kushoto. Sanda haina mikono. Nilikuwa nimekauka macho kama wewe hivyo."

Kisha hasira ikampanda bibi, na ilimpanda kwelikweli, akapiga meza ya cherehani kwa kiganja.

"Lakini jana ulinipa hongera! Nimewapigia watu simu. Nimecheka kama mwendawazimu, na wewe umesimama hapo na mkoba wako, unajua! Ulikula na mimi, ukaniomba nikuongeze chumvi!"

"Ndiyo, mama."

"Usiniambie ndiyo mama!"

Bibi alipumua, akakusanya kitambaa cha maua mapajani, akakitazama kama kimeletwa na mteja asiyemkumbuka.

"Nitapona?"

Hapa ndipo watu wote hukimbilia mbinguni, wakasema Mungu ndiye ajuaye. Kahawia aligeuka, kwa mara ya kwanza akamtazama mama mkwe wake usoni. Alikuwa na macho ya mkewe. Miaka yote hiyo hakuwa amejua.

"Sijui," akasema. "Wapo wanaopona kwa dripu. Wapo wasiopona. Tukianza mapema ni bora kuliko tukichelewa. Zaidi ya hapo sijui, na daktari hajui."

"Haya." Akatikisa kichwa polepole. "Haya. Angalau hilo limenyooka." Akachukua simu yake juu ya kabati, akabonyeza namba, akamnyooshea. "Dada ananingoja stendi kesho. Mwambie siji. Mwambie na sababu. Na ukiniruka hata neno moja nitakusikia, niko hapa."

"Mimi, mama?"

"Wewe ndiye unayejua. Mimi nimejua sasa hivi, hata kukaa vizuri haijanikaa."

Simu ilikuwa imeshaanza kuita. Kahawia akaiweka sikioni. Sauti ya kikongwe ikapokea kwa furaha, ikiuliza gauni limefika wapi.

"Shikamoo, mama mkubwa. Ni mkwe. Mama hatakuja kesho. Ana saratani ya titi, vile vipimo havikuwa na maana tuliyodhani, Jumatatu nampeleka kuanza matibabu." Alisema bila kukwama, neno baada ya neno, kama anasoma maelekezo ya kwenye chupa. Akamaliza. Akangoja.

"Eti nini?" sauti ikauliza. "Huku pana kelele, baba. Sijasikia. Rudia."

Akafungua mdomo arudie. "Mama," akasema. "Mama ana." Akajaribu tena. Neno lilifika mpaka kwenye meno likakataa, na mkono ulioshika simu, mkono uleule aliomwonyesha Mama Nta maabara, ukaanza kumcheza hata simu ikawa inagonga sikio. Alijaribu mara ya tatu, kilichotoka hakikuwa neno.

Bibi akanyanyuka kutoka kwenye cherehani. Akamshika kiwiko, akamkalisha kitandani kwake, akaitoa simu mkononi mwake taratibu.

"Dada," akasema kwenye simu, "ni mimi. Huyo alikuwa mkwe wangu. Analia. Subiri, nitakueleza mwenyewe."